Dereva wangu amesimamishwa leseni na bado anashika usukani: nani ataingia matatani?

*"Wakili, salaam aleikum. Nina matatu ya viti 14 inayofanya Mtwapa hadi Mombasa mjini. Anayeiendesha ni mtoto wa marehemu dada yangu. Kama wiki tano zilizopita alishtakiwa kwa kuendesha kwa njia ya hatari pale Bombolulu, akakiri, akalipa faini, nami nikajua yameisha. Juzi makanga ndiye aliyenitobolea kwamba hakimu alimsimamishia na leseni pia, miezi minane. Nilipomuuliza kijana akaniambia nisijisumbue: kadi bado iko mfukoni mwake kwa sababu siku ile kortini hakwenda nayo, NTSA (mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani) hawajamwandikia barua yoyote, na trafiki wa barabara hii wanamjua. Siku zote hizi amekuwa akiendesha. Mimi bado nadaiwa mkopo wa gari. Akikamatwa, ni yeye au ni mimi? Kukitokea ajali bima italipa? Kuna njia ya kurudishiwa leseni mapema? Na kama haiwezekani, naweza kumfanya makanga asikose riziki?"*

Waaleikum salaam, dada. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nitaanza na jambo usiloliuliza: gari hilo lisitoke na kijana huyo kesho asubuhi. Mengine yote tutayajadili kwa utulivu, lakini hilo halingoji. Mpaka juzi ulikuwa mwenye gari asiyejua. Tangu makanga akwambie, unajua, na katika sheria hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Nitakueleza kwa nini.

Tuanze na hiyo kadi ya mfukoni, maana ndiyo inayompa kijana kiburi. Watu wengi wanaamini kwamba leseni ni ile plastiki, na kwamba mtu akiwa nayo basi yuko halali mpaka mtu mwingine aje aichukue. Sivyo. Leseni ni ruhusa, na kadi ni ushahidi tu kwamba ruhusa ipo. Hakimu aliposema mbele ya korti kwamba leseni imesimamishwa, ruhusa ilikoma pale pale, hata kama kadi ilikuwa nyumbani chini ya godoro. Ni kama kadi ya benki ya akaunti iliyofungwa: inang'aa, ina jina lako, na mashine haitakupa senti. Kwa kweli kuendelea kuishikilia kunamharibia zaidi, kwa sababu mahakama ikiuliza mbona hakuirudisha, jibu la "nilisahau" halitasimama siku ile ile alipoonekana anaitoa mfukoni kumwonyesha polisi.

Barua ya NTSA nayo si kitu cha kungojea. Hapa watu huchanganya mambo matatu, na si ajabu, kwa kuwa neno ni moja: "kusimamishwa". Kuna Sacco, yaani chama cha wenye matatu, kusimamishwa na NTSA: magari yote ya chama hayaruhusiwi kubeba abiria mpaka masharti yatimizwe. Hapo dereva mmoja mmoja leseni yake inaweza kuwa salama kabisa. Kuna dereva kusimamishwa na NTSA wenyewe, kwa mfano baada ya ajali au mwendo wa kasi, akaambiwa aende akatahiniwe upya. Huo ni uamuzi wa ofisi, huja na taarifa, na asiyeridhika na uamuzi wa NTSA ana bodi yake ya rufaa ya leseni za uchukuzi. Halafu kuna hili la kijana wako: agizo la mahakama chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kosa la uendeshaji ina uwezo, juu ya faini au kifungo, kusimamisha leseni, kuifuta, au kumzuia mtu asipate nyingine. Agizo hilo linaanza kufanya kazi lenyewe. NTSA hupelekewa taarifa ili rekodi yake ibadilike, lakini rekodi ikichelewa, agizo halichelewi.

Kuna na kundi la nne, ambalo ndilo linalowapotosha wenzao stejini: wale ambao leseni yao imeisha muda tu na hawajailipia upya. Yule akikamatwa, ada iliyowekwa kwa makosa madogo ni shilingi 1,000. Aliyeisahau kadi nyumbani, 1,000. Anayeendesha gari la daraja ambalo leseni yake haina, 7,000. Basi mtu akisikia hizo takwimu anadhani hata aliyesimamishwa atalipa elfu moja au saba aende zake. Hapana. Kuendesha ukiwa umezuiwa na korti ni kosa la jinai linalosimama peke yake, na hakimu analiona kwa jicho jingine: mbele yake hayupo mtu aliyezembea karatasi, yupo mtu aliyesikia agizo kwa masikio yake akalipuuza. Kifungo kinaingia mezani kweli kweli. Na kwa kuwa hilo nalo ni kosa la uendeshaji, muda wa kuzuiwa unaweza kuongezwa juu ya ule wa kwanza. Miezi minane ikawa mwaka na zaidi.

Kuhusu trafiki wanaomjua, nitasema kwa ufupi. Kama kujuana huko kuna shilingi ndani yake, basi kuna kosa jingine. Sheria ya Kuzuia Hongo ya mwaka 2016 inamgusa mtoaji sawa na mpokeaji, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Na kama ni kujuana kwa salamu tu, basi kumbuka kwamba maafisa huhamishwa, na msako wa ghafla huletwa na watu kutoka kwingine. Ajali ikitokea hata yule rafiki hawezi kumsaidia, kwa sababu itabidi aandike kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituoni, jina la dereva na nambari ya leseni yake, na kutoka hapo faili ina macho mengi.

Sasa wewe mwenyewe. Uliuliza ni yeye au ni wewe, nami najibu: ni nyote wawili, kila mmoja kwa kosa lake. Sheria ya Trafiki haimkatazi tu mtu asiye na leseni halali kuendesha, inamkataza pia mwenye gari au mwenye kulisimamia kumruhusu mtu wa namna hiyo kushika usukani. Hati yako ya mashtaka itasomeka tofauti na yake, lakini mnaweza kusimama kizimbani siku moja. Na usidhani utasema "gari alikuwa nalo yeye, mimi niko nyumbani Kisauni". Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinamchukulia aliyeandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kama mkopeshaji ameandikwa pamoja nawe, jueni kwamba yeye naye ana masharti yake katika mkataba wa mkopo, na ni nadra sana mkataba huo ukose sharti la kutolitumia gari kinyume cha sheria. Usomeni.

Ndiyo maana nilisema kujua na kutojua ni mambo mawili. Mtu hawezi kusemwa "ameruhusu" jambo ambalo hana habari nalo. Zile wiki ambazo hukuambiwa, una la kusema, na makanga anaweza kuwa shahidi wako. Lakini tangu juzi huna. Ukimwachia funguo kesho huku umeshasikia, umeruhusu.

Nije kwenye bima, mahali ambapo barua yako ilinitia hofu zaidi kuliko jela. Chukua ule mkataba wa bima, usiishie kwenye cheti, nenda kwenye karatasi ndefu ambazo hakuna anayezisoma. Tafuta sehemu inayotaja nani anaruhusiwa kuendesha. Kwa kawaida utakuta maneno ya namna hii: bima inamkinga mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye gari, mradi ana leseni ya kuendesha gari la aina hiyo, au aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuwa nayo. Tulia kwenye ile nusu ya mwisho. Aliyesahau kulipia leseni upya anaweza kupita kwenye tundu hilo, kwa kuwa aliwahi kuwa nayo na hakuna aliyemzuia. Aliyesimamishwa na korti hapiti. Kampuni ya bima itasema amezuiwa, kwa hiyo yuko nje ya mkataba, na wewe uliyelipa bima yako ya mwezi bila kukosa utajikuta umelipia kitu ambacho hakikuwepo wakati ulipokihitaji.

Uharibifu wa gari lako lenyewe sahau, hata kama una bima kubwa. Abiria na waliogongwa ndio habari ndefu. Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya lazima kwa ajili ya watu wa tatu, iliwekwa ili aliyeumia asibaki mikono mitupu kwa sababu ya ugomvi kati ya mwenye gari na kampuni yake. Kifungu cha 10 kinailazimisha kampuni kulipa hukumu ya aliyeumia, kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, hata pale ambapo ingekuwa na haki ya kujitoa kwenye mkataba. Lakini kifungu hicho hicho kinazungumzia dhima iliyomo ndani ya masharti ya bima, na hapo ndipo mawakili wa kampuni huanzia: dereva huyu hakuwa ndani ya masharti, basi sisi hatumo. Pia wana njia ya kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba wana haki ya kujitoa, na lazima waanze kesi hiyo kabla au ndani ya miezi 3 tangu aliyeumia afungue ya kwake. Watashinda au watashindwa kulingana na maneno ya mkataba na ushahidi. Mimi sitakuahidi upande wowote. Ninaloweza kukwambia ni kwamba hata wakishindwa, wakalazimishwa kumlipa abiria, wanaweza kukugeukia wewe wadai warudishiwe.

Na aliyeumia atamshtaki nani? Kijana hana kitu, kila mtu anajua. Atashtakiwa yeye pamoja nawe, kwa sababu alikuwa akifanya kazi yako, kwa gari lako, kwa faida yako. Ana miaka 3 ya kufungua kesi hiyo, kwa hiyo usidhani mwaka ukipita kimya umesalimika. Zidisha mwenyewe: gari la viti 14, abiria watatu tu wamevunjika miguu pale mteremko wa Nyali. Hukumu ikitoka na kampuni imejitoa, madalali hawaendi kwa kijana, wanakuja kwako. Wanachukua gari, ambalo bado lina deni, halafu wanaangalia kilichobaki sebuleni. Na mtu akifariki, Mungu apishe mbali, kijana anakabiliwa na kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 10, na hakimu atakuwa na agizo lile la miezi minane mbele yake wakati wa kupima adhabu.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Wateja wengi huja ofisini kwangu wakiogopa trafiki, kumbe trafiki ndiye hasara ndogo.

Sasa swali la kurudishiwa leseni mapema. Ndiyo, kuna njia, ingawa si za haraka, na kijana amekwisha kuipunguza nguvu kila moja kwa kuendelea kuendesha.

Njia ya kwanza ni rufaa katika Mahakama Kuu hapa Mombasa. Alikiri kosa, kwa hiyo hawezi sasa kusema hakulifanya. Sheria ya mwenendo wa jinai inamfungia mlango huo aliyekiri, isipokuwa kwa jambo moja: ukubwa au uhalali wa adhabu. Kusimamishwa leseni ni sehemu ya adhabu aliyopewa, basi hapo ana pa kusimama. Anaweza kusema miezi minane ni mingi mno kwa mtu wa kosa la kwanza ambaye kazi yake ni kuendesha, ambaye hakuna aliyeumia siku ile. Muda wa rufaa ni siku 14 tangu hukumu. Kwa maelezo yako zimeshapita, kwa hiyo ataanza kwa kuomba kukata rufaa nje ya muda na kutoa sababu nzuri ya kuchelewa. "Nilidhani ni faini tu" inaweza kusikilizwa, hasa kama hakuelewa kilichosemwa, lakini haisikiki vizuri ikitoka kwa mtu aliyemwambia mama yake mdogo kwamba kadi iko mfukoni. Rufaa ikipokewa, anaweza kuomba agizo la kusimamishwa lisitishwe mpaka rufaa iamuliwe. Hilo ndilo linaloweza kumrudisha barabarani kihalali mapema zaidi, na si la kupewa kwa kuomba tu.

Njia ya pili ni kuiomba Mahakama Kuu ipitie upya faili la hakimu kama kuna kasoro ya kisheria: adhabu isiyoruhusiwa, mashtaka yaliyosomwa kwa lugha asiyoielewa, maelezo ya kesi ambayo hayakusomwa kabla ya kutiwa hatiani. Mwendo ulivyo ni kwamba mtu akisema "ni kweli", mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, halafu anaulizwa tena kama nayo ni kweli. Asubuhi ya kesi za trafiki watu huwa wengi na mambo huenda mbio, hatua hiyo ikarukwa au ikaandikwa kwa mstari mmoja. Huwezi kujua bila kuona karatasi. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu yeyote senti, kijana aende masjala ya mahakama akiwa na nambari ya kesi, aombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi na hukumu. Hata mimi sitampa ushauri wa maana bila karatasi hizo. Nakala hiyo pia itakuonyesha jambo jingine: kama agizo ni kwa magari yote au kwa daraja fulani tu. Ikiwa halikutaja daraja, basi ni yote, pamoja na tuktuk na bodaboda. Vijana wengi husimamishwa leseni leo na kesho wanaonekana Kongowea juu ya pikipiki ya rafiki, wakidhani marufuku ni ya matatu peke yake.

Njia ya tatu ni kutulia, kutii sehemu ya adhabu, kisha kurudi kwenye mahakama ile ile kuomba marufuku iondolewe kabla ya muda kwisha. Hakimu ataangalia tabia ya mtu tangu siku ya hukumu, aina ya kosa, na hali nyingine zilizopo. Barua ya Sacco, barua yako wewe, ushahidi kwamba alirudisha kadi mwenyewe, vyote vina uzito. Kama kosa si zito na mtu ameonyesha kutii, mimi kwa uzoefu wangu naipenda njia hii kuliko kukimbilia rufaa dhaifu ya nje ya muda. Lakini kosa la kukamatwa akiendesha katikati ya miezi hiyo linaimaliza kabla haijaanza.

Kuna ushauri mwingine utakaousikia, tena kwa watu wazima na akili zao: avuke Lungalunga akachukue leseni Tanzania. Msiujaribu. Marufuku inamfuata mtu, haifuati kadi. Aliyezuiwa akiomba leseni nyingine anatenda kosa lingine, na atakuwa ameongeza uongo kwenye fomu ya serikali. Vivyo hivyo kuazima leseni ya binamu mwenye sura ya kufanana. Picha na alama za vidole ziko kwenye mfumo.

Je, aende polisi kujisalimisha kwa wiki hizi alizoendesha? Nimeulizwa swali hili mara nyingi na sitalijibu hapa kwa neno moja, maana mtu ana haki ya kutojishtaki mwenyewe, na kila hali ina uzito wake. Akae chini na wakili, mlango ukiwa umefungwa. Ninachosema hadharani ni kwamba aache kuendesha na airudishe kadi mahakamani, hayo mawili hayahitaji kungoja ushauri wa mtu.

Wakati huo unahitaji dereva mwingine, na hapa nakuomba usiruke kutoka shimo moja kuingia jingine kwa kumpa gari deiwaka, yule dereva wa kibarua cha siku, wa kwanza aliyekuja mlangoni. Mwambie afungue akaunti yake ya NTSA kupitia eCitizen mbele yako, kwenye simu yake, uone leseni iko hai, tarehe ya mwisho ni lini na daraja ni lipi. Kwa matatu yako ya viti 14 unatafuta D1, daraja B peke yake haitoshi kubeba abiria wa kulipa. Piga picha ya ukurasa ule, iweke pamoja na nakala ya kitambulisho, beji yake ya PSV (magari ya abiria) na cheti cha mwenendo mwema. Rekodi kwenye mtandao inaweza kuchelewa, kama ulivyoona kwa kijana wako, basi muulize waziwazi kama ana kesi ya trafiki iliyoamuliwa au inayoendelea, na jibu aliandike na kutia sahihi. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayokusaidia siku utakaposema hukujua. Mwambie pia kwamba haruhusiwi kumpokeza mtu usukani njiani. Ni desturi ya barabara ile, najua, dereva anashuka Bamburi kula, squad, yaani dereva wa kumpokea, anaendelea mpaka mjini. Kwa kampuni ya bima, yule squad ndiye dereva.

Usimwache msimamizi wa Sacco gizani. Atakasirika, lakini akisikia kwako ni afadhali kuliko kusikia kwa polisi, kwa sababu makosa ya dereva mmoja yanaweza kuletea chama kizima taabu kwa NTSA.

Mambo yakigeuka kabla hujayapanga, yaani kijana akikamatwa leo jioni, basi kumbukeni haya. Anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo unaisha nje ya saa za kazi. Dhamana ya pesa taslimu ya kituoni ina risiti ya serikali, na pesa isiyo na risiti si dhamana. Mashtaka asomewe kwa Kiswahili au lugha anayoielewa vizuri. Na asikiri kwa haraka ili "tumalize twende kazini". Alifanya hivyo mara ya kwanza na ndiko alikotoka na miezi minane bila hata kuisikia vizuri. Anaweza kukanusha, akaomba dhamana, akapata muda wa kuzungumza na wakili. Wewe ukiitwa kituoni kuandika maelezo, una haki ya kuwa na wakili kabla ya kusema neno. Vivyo hivyo mpelelezi wa bima akija nyumbani baada ya ajali na karatasi ya kutia sahihi, mkaribishe chai, karatasi ibaki mpaka isomwe na mtu wako.

Kama fedha za wakili hakuna, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa na huwasikiliza watu wasiojiweza, na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Njoo kwetu au uende kwao, ila usije mikono mitupu: nambari ya kesi, risiti ya faini, nakala ya hukumu kama imeshatoka, mkataba wote wa bima, logibuku na mkataba wa mkopo. Mkija wawili, mkae vyumba viwili kwanza. Wewe na kijana mnapendana, lakini katika jambo hili maslahi yenu hayafanani, na wakili mmoja huenda asiweze kuwatetea nyote.

Umeuliza mwisho kuhusu kumfanya makanga. Unaweza. Agizo limemzuia kuendesha, halikumzuia kufanya kazi, na mimi naona ni wazo la huruma na la busara. Lakini makanga naye anatakiwa kuwa na kibali chake cha PSV, kile cha udereva hakimfunikii, kwa hiyo aombe kwanza ndipo apande mlangoni. Kisha kuna jambo dogo litakalomnasa kama hutalisema mapema. Dereva mpya atashuka Mwembe Tayari kwenda msalani, foleni ya stejini itasogea, watu watapiga honi, na kijana atajirusha kwenye kiti kusogeza gari mita ishirini kwa mazoea. Hiyo ni kuendesha. Sheria ya Trafiki inaposema barabara inajumlisha mpaka maegesho na gati ambako umma unaingia, na steji ni mahali pa umma. Dereva akishuka, ashuke na funguo.